Nani Huoa, Nani Huolewa? Uhakiki wa Lugha ya Fasili ya Ndoa katika Sheria ya Tanzania, kwa Kurejelea Maore, Same

Ikisiri

Mjadala kuhusu haki ya ndoa kwa watu wa jinsi moja katika Afrika Mashariki huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiswahili, na mara nyingi hoja ya lugha hutangulizwa: kwamba maneno ndoa, kuoa na kuolewa hayakubali wahusika wawili wa jinsi moja. Makala haya yanaihakiki hoja hiyo. Yanachunguza mofolojia na semantiki ya kitenzi -oa, fasili ya ndoa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na msamiati unaotumika kuwataja wapenzi wa jinsi moja. Kata ya Maore, wilayani Same, imechukuliwa kuwa mahali pa kuitazamia sheria inavyomfikia mwananchi. Makala yanadai kuwa zuio halimo katika sarufi ya Kiswahili. Limo katika sentensi moja ya sheria, yenye asili na historia inayojulikana. Anayeiunga mkono sentensi hiyo na anayeipinga, wote hawana budi kujenga hoja zao juu ya haki, si juu ya lugha.

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya hadhara kuhusu usawa wa kisheria kwa wapenzi wa jinsi moja, hoja za dini, mila na haki za binadamu zinafahamika vyema. Iko hoja nyingine ambayo husemwa haraka na kupita bila kuchunguzwa, nayo ni hoja ya lugha. Msemaji huuliza: nani atakuwa ameoa, na nani atakuwa ameolewa? Swali hilo huchukuliwa kuwa ni jibu tosha. Kinachodokezwa ni kwamba Kiswahili kimekwisha kuamua, kwa kuwa mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kwamba kumtaka mtu aseme vinginevyo ni kumtaka avunje sarufi. Swali hilo ni la kiisimu kabla halijawa la kimaadili, na linastahili kujibiwa kiisimu.

Umuhimu wa jibu umeongezeka tangu mwaka 2021, pale Bunge la Tanzania lilipopitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji matini za Kiswahili, na kila neno analolichagua mfasiri linaweza kuwa neno ambalo hakimu atalisoma siku ya hukumu. Hivyo basi, kujua ni wapi lugha inamlazimisha mfasiri kutaja jinsi ya mtu, na ni wapi inamwacha huru, si suala la darasani peke yake.

Istilahi mbili zinahitaji kutenganishwa mapema. Katika makala haya, jinsi ni hali ya kimaumbile ya kuwa mwanamume au mwanamke, ilhali jinsia ni majukumu na matarajio ambayo jamii huyaambatisha na hali hiyo. Matumizi ya kila siku huzichanganya, na maneno ndoa ya jinsia moja yameenea kuliko ndoa ya jinsi moja. Mchanganyo huo una athari za kisheria, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya sita.

2.0 Maore kama Mahali pa Kuitazamia Sheria

Maore ni kata iliyo kwenye uwanda wa mashariki ya Milima ya Upare ya Kusini, kando ya barabara itokayo Same kupitia Kisiwani kuelekea Ndungu na Mkomazi. Ni eneo la mpunga na la watu walioteremka kutoka milimani pamoja na wengine waliotoka mbali zaidi. Chasu ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Kiswahili ni lugha ya soko, shule, ibada na ofisi. Ndoa hufungwa kimila, Kiislamu, Kikristo au kiserikali, na Sheria ya Ndoa ya 1971 huzipokea zote. Wilaya hii ni miongoni mwa zile ambako Ukristo una mizizi ya zaidi ya karne moja. Wasabato waliweka kituo chao Giti, katika eneo la Mamba, mwaka 1903.

Mkazi wa Maore hukutana na sheria kwa Kiswahili. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha mashauri kwa lugha hiyo tangu mfumo wake ulipoundwa na sheria ya mwaka 1963. Mgogoro wa ndoa, kabla haujafika mahakamani kuombewa talaka, sharti kwanza upelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na huko pia mazungumzo ni ya Kiswahili. Kwa hiyo, kwa mkazi huyu, neno ndoa halifiki kama tafsiri ya neno la Kiingereza. Hufika likiwa na uzito wote wa matumizi yake ya nyumbani.

Historia ya Upare inatoa funzo kuhusu uzito huo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya mtu, nayo ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa zamani wa watawala wa milimani. Wapare waliikataa. Mwaka 1945 maelfu yao walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kudai iondolewe, na wanawake nao walijitokeza katika upinzani huo. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyeandika kwa kina juu ya tukio hilo, ameonesha kuwa lilikuwa suala la siasa na uchumi kwa pamoja. Kwa mwanaisimu, lina funzo la ziada: jina la kimila likihamishiwa katika sheria ya dola, hubaki na sauti yake lakini hubadilishiwa maana. Watu wa milima hii walikwisha kutambua kwamba jina la zamani halithibitishi kuwa jambo lenyewe ni la zamani. Funzo hilo linafaa kukumbukwa pale inapodaiwa kwamba ndoa ya kwenye sheria ni ndoa ile ile ya mababu.

3.0 Kitenzi -oa na Dhima Zake

Neno ndoa linatokana na kitenzi -oa. Konsonanti l iliyodondoka katika umbo la sasa la kitenzi hudhihirika kama d baada ya nazali katika ndoa, kwa kanuni ile ile inayozaa ndimi kutokana na ulimi. Kimofolojia, basi, ndoa ni nomino inayotaja tendo au hali, na haina kiambishi chochote cha jinsi.

Mnyambuliko wa kitenzi hicho hutoa maumbo yanayojulikana: oa, olewa, oana, oza, ozwa, ozesha. Matumizi ya kawaida hugawa oa kwa mwanamume na olewa kwa mwanamke. Hata hivyo, mgawo huo hautokani na upatanisho wa kisarufi. Kiswahili, kama Chasu na lugha za Kibantu kwa jumla, hakina ngeli ya kike wala ya kiume. Kiambishi a- hupatana na Asha sawasawa na kinavyopatana na Juma, na yeye ni yeye. Sentensi Asha amemwoa Rehema haina kosa la kimuundo. Inayoikataa, kama yupo, ni semantiki au pragmatiki.

Sasa inafaa kuuliza kile ambacho semantiki ya oa hudai kwa mtenda wake. Ushahidi wa matumizi unaonesha kwamba hudai dhima fulani ya kijamii kuliko mwili wa aina fulani. Ushahidi wa kwanza ni wa dhihaka. Mwanamume anayeishi nyumbani kwa mkewe na kutunzwa naye husemwa kuwa kaolewa. Ndoa yake ni halali, jinsi yake haina shaka, na bado msemaji humweka katika nafasi ya mtendwa. Dhihaka hiyo isingeeleweka kama olewa ingekuwa na maana ya kuwa mwanamke. Inaeleweka kwa sababu olewa ina maana ya kuingizwa katika nyumba ya mwingine.

Ushahidi wa pili unatoka Mkoa wa Mara, kwa Wakurya, ambako ipo desturi ya nyumba ntobhu. Mwanamke, mara nyingi mwenye umri mkubwa na asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke mwingine na kumleta nyumbani kwake. Watoto wanaozaliwa na huyo wa pili huhesabiwa kuwa wa nyumba ya yule wa kwanza. Kiswahili kinapoieleza desturi hiyo hakitafuti kitenzi kipya. Husemwa kwamba mwanamke ameoa, na mwingine ameolewa. Mtoa mahari na mwenye nyumba ndiye mtenda.

Tahadhari inahitajika hapa. Nyumba ntobhu si ushahidi wa mapenzi ya jinsi moja, na kuitumia hivyo ni kuilazimisha. Shabaha yake ni uzazi, urithi na uendelezaji wa nyumba, na yule anayeolewa huenda akawa na uhuru mdogo sana katika mpango huo. Inachothibitisha ni jambo finyu zaidi lakini thabiti: katika Kiswahili kinachosemwa Tanzania, mtenda na mtendwa wa oa wanaweza kuwa wa jinsi moja bila lugha kuvunjika.

Umbo la oana lina umuhimu wake. Kauli ya kutendana huwaweka wahusika wote wawili katika nafasi ya kiima, na huondoa tofauti ya mtenda na mtendwa. Juma na Asha wameoana haisemi nani alimwoa mwenziwe. Kwa hiyo swali nani ameoa na nani ameolewa lina jibu la kisarufi lililokuwepo siku zote: wameoana. Anayeng'ang'ania kwamba lazima mmoja awe mtenda na mwingine mtendwa hatetei sarufi. Anatetea ngazi ya mamlaka ndani ya nyumba, na ngazi hiyo inawahusu wanawake walioolewa na wanaume kabla haijawahusu watu wa jinsi moja.

4.0 Fasili, Haki na Katazo

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, hufasili ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa muda wote wa uhai wao. Fasili hiyo husomwa kana kwamba imechotwa moja kwa moja katika mila za Watanzania. Asili yake ni nyingine. Mwaka 1866, katika shauri la Hyde dhidi ya Hyde, Jaji Penzance wa Uingereza alifasili ndoa ya Kikristo kuwa muungano wa hiari wa maisha kati ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, pasipo wengine wote. Shauri lilihusu ndoa iliyofungwa Utah miongoni mwa Wamormoni, na fasili ilitolewa ili kuweka nje ya mahakama za Kiingereza ndoa za mitara.

Ukiziweka fasili hizi mbili sambamba, kazi ya mtunga sheria wa 1971 inaonekana wazi. Hiari imebaki. Kudumu kwa maisha kumekuwa kusudio la kudumu. Maneno ya kuwaweka wengine kando yameondolewa katika fasili ya jumla na kuhamishiwa katika kijifungu kinachohusu ndoa ya mke mmoja, ili ndoa ya wake wengi nayo iingie. Kwa maneno mengine, fasili iliyoundwa kuwafungia nje wenye mitara ilifunguliwa Tanzania ili iwapokee. Yalitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 na mjadala mpana wa umma, na yalikuwa mabadiliko ya busara kwa nchi yenye Waislamu, Wakristo na wafuasi wa mila. Yanathibitisha kwamba fasili ya ndoa iliwahi kupanuliwa kwa makusudi ili iwatoshe watu waliokuwepo tayari.

Ulinganisho na majirani unaonesha jambo jingine, ambalo ni la kiuamilifu. Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsi tofauti. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, hutamka kwamba ndoa kati ya watu wa jinsi moja ni marufuku. Matokeo ya kisheria katika nchi hizi tatu yanakaribiana, lakini vitendo-uneni ni vitatu: Tanzania hufasili, Kenya hutoa haki, Uganda hukataza. Katazo humtaja anayekatazwa na hivyo hukiri kwamba yupo. Utoaji wa haki humwacha kwa kubainisha aina ya mwenzi. Fasili haimtaji kabisa. Huchora mpaka na kunyamaza kuhusu aliye nje. Wawili wanaoishi pamoja Maore hawatapata katika Sheria ya Ndoa sentensi inayowakataza kuwa wanandoa. Watakuta tu kwamba neno lenyewe haliwafikii.

Ukimya huo haupaswi kudhaniwa kuwa upole. Kando ya Sheria ya Ndoa ipo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo kifungu chake cha 154 huadhibu tendo la kimwili lililo kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, na hadi kifungo cha maisha. Maneno hayo yalipitia sheria za kikoloni, yakiwa na nasaba na Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Sheria moja inanyamaza, nyingine inahukumu, na zote mbili zilirithi sehemu muhimu ya maneno yao kutoka Uingereza ya karne ya 19.

5.0 Vifungu Visivyotaja Mume wala Mke

Uchambuzi wa fasili pekee hautoshi, kwani ndoa katika sheria ni mkusanyiko wa athari. Vifungu vinavyoeleza athari hizo vinaweza kugawanywa katika makundi mawili kwa kigezo cha lugha.

Kundi la kwanza hutaja jinsi bila kukwepa. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa chini wa miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ziliona kwamba kifungu hicho na cha 17 vinakiuka Katiba. Kifungu cha 63 humpa mume wajibu wa kumtunza mke, na mke wajibu wa namna hiyo pale tu mume anaposhindwa kujimudu. Kifungu cha 160 huweka dhana kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakapata sifa ya kuwa mume na mke, walioana kihalali hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kundi la pili halihitaji jinsi. Kifungu cha 66 hutamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kumwadhibu. Kifungu cha 59 humzuia mmiliki wa nyumba ya ndoa kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wake. Kifungu cha 114 huiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Kiini cha vifungu hivi si tofauti ya maumbile. Ni ukweli kwamba watu wawili wakiunganisha maisha, mmoja anaweza kupigwa, kufukuzwa au kunyang'anywa.

Na uchukuliwe mfano wa kubuni. Wanawake wawili wanaishi Maore kwa miaka 20. Wamelima mpunga pamoja na kujenga nyumba, lakini shamba na nyumba vimeandikwa jina la mmoja. Huyo akifariki, ndugu zake wanakuja kuchukua mali. Kama wawili hao wangekuwa mwanamume na mwanamke, dhana ya kifungu cha 160 ingewafungulia mlango wa mahakama hata bila cheti. Kwa sasa aliyebaki hana jina la kisheria la kumwezesha kusimama. Si mjane, si mtalaka, si mwenzi. Atalazimika kuthibitisha kila jembe alilonunua, kama mgeni aliyemdai marehemu.

Kwamba hali hii inaweza kuangaliwa kwa jicho la haki bila kuingia katika suala la mapenzi, kumeoneshwa Kenya. Mwaka 2011, katika shauri la mirathi mjini Mombasa, Jaji J. B. Ojwang alikubali kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwingine kwa mila ya Wanandi, pamoja na watoto wake, ni sehemu ya nyumba ya marehemu kwa madhumuni ya urithi. Mahakama haikuhalalisha ndoa za wapenzi wa jinsi moja. Ilikataa tu kwamba mtu aliyeishi kama mke afanywe asiyekuwepo baada ya maziko.

Hapa ndipo mfasiri anapobeba dhamana. Matini ya Kiingereza inapotumia neno lisilotaja jinsi kwa maana ya mmoja wa wanandoa, Kiswahili kina mwenzi na mwanandoa. Mfasiri akiandika mume au mke mahali hapo, ameongeza habari ambayo haikuwamo. Leo nyongeza hiyo haitabadilisha hukumu, kwa kuwa kifungu cha 9 kinatawala vyote. Lakini itakuwa imetawanya katika sheria nzima zuio ambalo mtunga sheria aliliweka mahali pachache.

6.0 Majina ya Wasio na Jina

Wakati sheria ya ndoa inanyamaza, mtaa hausiti kutaja. Maneno yanayosikika zaidi ni shoga, msenge, basha, hanithi na msagaji. Uchunguzi wa maana zake unaonesha mtindo mmoja: yanataja tendo la mwili, au kasoro, au nafasi ya juu na chini. Msagaji ametokana na saga. Hanithi hutumika pia kwa mwanamume asiye na nguvu za kiume, kana kwamba mwelekeo wa mapenzi ni ugonjwa. Basha na mwenziwe hutofautishwa kama mtenda na mtendwa, na hivyo ngazi ya oa na olewa imehamishiwa humo. Shoga ndilo lenye historia ya upole zaidi, kwani kwa wanawake ni jina la kuitana marafiki, na bado wapo wanaoitana hivyo bila kudhamiria jingine.

Hakuna katika maneno hayo hata moja linalotaja uhusiano wa watu wawili. Linganisha na mchumba, mpenzi, mwenzi na mwanandoa, ambayo yote hutaja mtu kwa uhusiano wake na mwingine, na yote hayana jinsi. Kiswahili kina msamiati wa uhusiano ulio tayari. Kinachofanyika katika mjadala ni kwamba kundi moja la watu limehamishwa kutoka katika msamiati wa uhusiano na kuwekwa katika msamiati wa tendo. Baada ya uhamisho huo, kuzungumzia ndoa yao husikika kama kuzungumzia ndoa ya tendo, jambo ambalo kwa hakika ni upuuzi. Upuuzi huo umetengenezwa na uteuzi wa maneno.

Neno jinsia nalo linahitaji uangalifu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania, inapofafanua maana ya kubagua, hutaja jinsia miongoni mwa misingi isiyoruhusiwa. Iwapo jinsia hapo ni jinsi tu, au pia mambo yanayotokana nayo, ni suala la ufasiri. Kwa Kenya, Mahakama ya Juu mnamo Februari 2023 ilitamka kwa wingi wa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba neno la Katiba yao linalokataza ubaguzi kwa msingi wa jinsi linajumuisha pia mwelekeo wa mapenzi. Uamuzi huo ulihusu haki ya kusajili jumuiya, haukugusa ndoa wala kanuni ya adhabu. Hata hivyo, unadhihirisha jinsi haki za watu zinavyoweza kutegemea upana wa neno moja.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba msikilizaji wa kawaida wa Maore, akiambiwa Asha amemwoa Rehema, atashangaa, na mshangao huo ni ushahidi kuwa sentensi haikubaliki. Jibu ni kwamba sentensi isiyo ya kisarufi haimshangazi mtu, humchanganya. Anayeshangaa ameelewa. Mshangao wake unahusu ulimwengu unaoelezwa na sentensi, na una haki ya kuzungumzwa kwa hoja za maadili, dini au sera. Hauwezi kuwekwa katika hesabu ya sarufi.

Pingamizi la pili ni kwamba vifungu visivyotaja jinsi katika Sheria ya Ndoa havina maana huru, kwani mwenzi katika kifungu cha 66 ni yule tu aliyekubaliwa na kifungu cha 9. Pingamizi hili ni sahihi, nalo linaimarisha dai la makala haya. Linaonesha kwamba sehemu kubwa ya sheria, hasa ile inayolinda mwili, nyumba na jasho la mtu, ingesomeka bila kubadilishwa hata neno moja iwapo fasili ingekuwa nyingine. Afrika Kusini inatoa kielelezo. Katika shauri la Fourie, mwaka 2005, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliona kwamba kiapo cha ndoa kilichotaja mke au mume kinawabagua wapenzi wa jinsi moja. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha, na iliamriwa kwamba likishindwa, baada ya maneno hayo yatasomwa maneno ya ziada, yaani au mwenzi. Bunge lilitunga sheria mwaka 2006 kabla ya muda kwisha. Umbali kati ya hali mbili za kisheria ulipimwa kwa neno moja, na neno hilo Kiswahili kinalo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba lugha si kila kitu, na kwamba jamii ina haki ya kufasili taasisi zake. Makala haya hayapingi kwamba jamii hufasili. Yanakumbusha kwamba jamii inayofasili inawajibika kwa fasili yake mbele ya Katiba inayotamka kuwa watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mila nayo imewahi kupimwa kwa kipimo hicho: mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, Jaji Mwalusanya aliona kwamba mila ya Wahaya iliyowanyima wanawake haki ya kuuza ardhi ya ukoo haikubaliani na usawa. Hakuna aliyesema kwamba neno ukoo lenyewe lilikuwa limekwisha kuamua.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba kitenzi -oa hugawa dhima, si miili. Kwamba Kiswahili kina kauli ya oana inayowasawazisha wahusika na nomino mwenzi isiyowauliza jinsi yao. Na kwamba zuio la ndoa ya watu wa jinsi moja katika sheria ya Tanzania limejengwa juu ya fasili iliyoazimwa kutoka hukumu ya 1866 na kupanuliwa kwa sababu nzuri mwaka 1971. Umeonesha pia kwamba msamiati wa mtaani huwaondoa watu hawa katika uhusiano na kuwabakiza katika tendo.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanapendekezwa. Wafasiri wa sheria watumie mwenzi au mwanandoa kila mahali ambapo matini chanzi haitaji jinsi, na waitaje pale tu inapotajwa. Watafiti wa isimu, nao, wakusanye data za matumizi ya oa, olewa na oana katika jamii zenye desturi kama nyumba ntobhu na katika maeneo yenye lugha nyingi kama Maore, ili mjadala upate ushahidi badala ya mazoea.

Isimu haiwezi kuwapa watu wawili cheti cha ndoa, wala haiwezi kuwanyima. Swali la nani huoa na nani huolewa limekwisha kujibiwa na mnyambuliko wa kitenzi. Linalobaki ni kwa nini, mtu akifariki Maore, yule aliyelima naye kwa miaka 20 aondolewe katika nyumba waliyoijenga pamoja. Hilo linahitaji jibu la kisheria na la kimaadili, na Kiswahili kina maneno ya kutosha kulitolea.